Semahoro na Difu ya Gari la Bintiye

Swali liliulizwa jikoni, Jumamosi moja ya Oktoba, katika nyumba ya ghorofani ambayo Semahoro na bintiye Isimbi wanapanga mtaa wa Lower West Side, hapa Buffalo, Amerika. Nilikuwa nimekwenda kuzungumza na Semahoro habari za viti vya kanisa, maana yeye na mimi ni mashemasi. Alikuwa akimenya viazi. Isimbi alikuwa amesimama kando ya jiko, anakula kwa haraka kama walavyo vijana wa huku, jicho moja kwenye simu.

"Papa," alisema, "minataka nibadilishe difu ya motokari yangu mbele ya theluji kufika. Kuko ya sahani na kuko ya meno. We unaona gani njo muzuri?"

Semahoro aliweka kisu chini polepole, akafuta mikono kwa kitambaa.

"Unaniuliza mimi?"

"Njo we shofere, siyo vile?"

Nimemjua Semahoro miaka mingi, na sijawahi kumwona akinyoosha mgongo namna ile.

Tangu walipotua mji wa Louisville, Isimbi akiwa msichana wa shule, maswali katika nyumba hiyo yalikwenda upande mmoja tu. Baba ndiye aliyeuliza. Karatasi hii inasema nini? Daktari amesema nini? Basi lipi linakwenda kazini? Mtoto alijibu, mwanzoni kwa upole, baadaye kwa haraka, mwisho kwa Kiingereza. Mzazi anayeuliza siku zote bila kuulizwa huisha taratibu kama sabuni mbele ya macho ya mtoto. Mwisho mtoto humpenda bila kumsikiliza. Mkewe Semahoro, Mukandoli, tulimzika huko huko Louisville, na baada ya hapo hakubaki mtu nyumbani wa kumwuliza jambo lolote. Sasa ameulizwa. Tena ameulizwa habari za gari, na ujuzi wa gari ndicho kitu pekee alichovuka nacho bahari bila kuhitaji mkalimani. Nyumbani kwao husemwa Kinyamulenge, lakini mambo ya magari wote wawili huyasema kwa Kiswahili, kwa sababu Semahoro alijifunza gari kwa Kiswahili.

Aliniambia siku ile ile, tukishuka ngazi: "Shemasi, nikijibu muzuri, ataniuliza tena. Nikikosea, ile ilikuwa ya mwisho." Sikumbishia.

Kwa asiyejua magari, nieleze kidogo. Injini hutoa nguvu, na magurudumu mawili huipokea. Katikati yao kuna kifaa cha meno kiitwacho difu, kinachoyaruhusu yazunguke kwa mwendo tofauti gari linapokata kona, maana gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani. Difu ya kawaida ina udhaifu mmoja. Gurudumu moja likikanyaga tope au barafu, linazunguka bure, na mwenzake aliyesimama mahali pagumu hapati cha kutosha kuliondoa gari. Nimeziona familia za namna hiyo: anayeteleza ndiye anayekula nguvu ya nyumba nzima. Dawa yake ni difu ya kubana, inayokataa gurudumu moja kukimbia peke yake, nayo ni ya aina mbili, zile alizozitaja Isimbi.

Gari la Isimbi lilikuwa na haja ya dawa hiyo. Ni gari jeusi la Kiswidi, la kampuni iliyokwisha kufunga milango, kuukuu lakini lenye turbo na nguvu za farasi mia mbili na hamsini, zote zikipelekwa kwenye magurudumu ya mbele. Ukikanyaga mafuta kwa ghadhabu, tairi la kulia linalia na usukani unavutwa pembeni. Mimi sikulipenda gari hilo. Kijana anayeshona viti vya magari katika kiwanda cha Lackawanna hahitaji farasi wengi hivyo kumfikisha kazini. Isimbi pia, wakati wa kiangazi, huenda na chama fulani kushindana kuzunguka koni za plastiki kwenye uwanja mtupu wa kuegesha magari. Nilikwenda mara moja kutazama, nikiwa na nia ya kulaani. Nikakuta foleni, kofia za chuma, na watu wanaosubiri zamu yao kwa adabu kuliko sisi kwenye meza ya Bwana. Nilirudi nyumbani nikiwa na maneno machache.

Semahoro hakukawia kumjibu bintiye.

"Ya sahani," alisema. "Ile inafunga na nguvu. Yenye inafunga na nguvu, njo inapanda."

Isimbi alitabasamu. "Ata batu ya chama banasema vile."

Jambo likaonekana limekwisha. Difu ya sahani ina sahani za chuma zilizopangwa kama sahani za kabati, zinazosuguana na kushikana. Hubana magurudumu yote mawili hata kama moja liko hewani. Ya meno hutumia meno yaliyopindwa, yanayobana taratibu kadiri nguvu inavyoongezeka na kuachia nguvu inapopungua. Hiyo ya meno hukaa miaka bila kufunguliwa. Ya sahani hulika, hutaka mafuta yake maalumu, na hufunguliwa tena na tena. Lakini Semahoro hakuwa akifikiria mambo hayo. Alikuwa akifikiria Lemera.

Zamani, kabla ya vita kututawanya, Semahoro aliendesha lori la mfanyabiashara mmoja wa Uvira, kutoka bonde la Ruzizi kupanda mlimani hadi soko la Lemera. Walipanda na chumvi na saruji, wakashuka na maharagwe, jibini na watu. Fundi wake alikuwa Bahizire, Mshi kutoka Bukavu, mtu mfupi mwenye mdomo mrefu. Mvua iliponyesha barabara ile iligeuka uji. Hapo kulikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote na wote waliitii: lori likikwama, kila mtu anashuka na kusukuma. Mchungaji anashuka. Mwenye mzigo mkubwa anashuka. Anayebaki juu amejifanya mzigo, na lori likitoka, yeye anapanda kwa miguu. Walisukuma kwa wimbo, mmoja akiita na wengine wakiitikia, na neno la mwisho la kila kiitikio ndilo lililobeba mabega.

Mukandoli alikuwa mmoja wa wauza jibini waliopanda lori hilo. Semahoro hupenda kusimulia kwamba Mukandoli ndiye aliyeruka chini wa kwanza, siku ambayo wanaume walikuwa bado wanakunja suruali, akazama tope hadi magotini na kuwauliza kama wanangoja harusi. Harusi ilikuja baadaye, na ilikuwa yake na Semahoro.

Semahoro alikuwa na ufundi wake pia. Gurudumu moja la nyuma likizunguka bure, alivuta breki ya mkono nusu. Breki ilishika magurudumu ya nyuma, lile linalokimbia likazuiwa, na nguvu ikamfikia mwenzake. Lakini kilichomkaa moyoni zaidi ni mwaka tajiri wao alipochoka kukwama, akaamuru difu ichomelewe kwa moto iwe kitu kimoja. Magurudumu mawili yakawa kama moja. "Ilipanda kama tingatinga," husema Semahoro hadi leo, na macho yake hutazama mahali ambapo sisi wengine hatupo.

Kumbukumbu za namna hiyo ni tamu, nami ninazo zangu za Bukavu, za chuo cha ualimu na ukungu wa asubuhi juu ya ziwa. Lakini mtu anapaswa kuzikagua kabla ya kuzifanyia kazi. Baridi iliyopita, Semahoro hakukagua. Alikuwa anaendesha gari la Isimbi kupanda daraja lipitalo juu ya reli, upande wa Lackawanna, theluji ikianguka. Gurudumu la mbele likaanza kuzunguka bure. Mkono wake ukakumbuka Lemera kabla ya kichwa: akavuta breki ya mkono nusu. Katika gari hilo breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma, na yanayovuta ni ya mbele. Badala ya kupanda, gari lilijifunga nyuma, likarudi kinyumenyume likiwa limekaa upande, hadi kwenye ukingo wa theluji. Watu walipita wakitazama.

"Papa, unafanya nini? Ile iko ya nyuma!" Isimbi alipiga kelele. Kisha akaomba ufunguo. Tangu siku hiyo, theluji ikianguka, baba hukaa kiti cha abiria.

Ndiyo maana swali la jikoni lilikuwa zito kiasi kile.

Mwezi wa Novemba, kila mwaka, baba na binti huenda Louisville kwenye kaburi la Mukandoli, na njiani hupita Columbus, mtaa wa Linden, kumsalimu Bahizire. Mwaka huu nilipanda nao, kiti cha nyuma, kwa kuwa dada yangu Fides anakaa Louisville. Isimbi alipanga difu ifungwe na Bahizire wakati wa kurudi, kwa sababu fundi huyo ana gereji nyuma ya nyumba anayopanga, yenye paa zuri na winchi ya kushushia injini.

Tulimkuta Bahizire mlangoni, mikono kiunoni, mvua ikinyunyiza.

"Ah, muchungaji wa ng'ombe amefika! Bon, mulikuya na chakula ao mulikuya na njaa?"

"Na njaa," alijibu Semahoro. "Tunajua kwa Bashi chakula haikosake. Maneno pia haikosake."

"Ingia, ingia. Adolphine! Batu ya Buffalo bamefika, na Shemasi, usifiche nyama!"

Adolphine, mke wa Bahizire, alituwekea ugali na sombe, yaani kisamvu, na wazee wale wawili walikula huku wakitukanana kwa furaha hadi Isimbi alipotaja difu.

"Tunaweka ya sahani," alisema. "Papa njo amechagua."

Bahizire aliacha tonge katikati ya safari.

"Ya sahani? Kwa mutoto anaendaka kazi na theluji? Semahoro, nani alikudanganya?"

"Hakuna mutu alinidanganya. Umesahau kamio ya Lemera? Difu tuliichomelea, ikapanda kama tingatinga."

"Ilipanda, ndiyo. Na ekseli?"

"Ekseli gani?"

"Ile chuma ya kuzungusha magurudumu, yenye ilikatika kwenye kona ya soko! Batu balilala pale bakingojea ingine itoke Uvira. We mwenyewe ulilala chini ya kamio, unakohoa."

"Ile ekseli ilikuwa nzee."

"Ilikuwa mupya! Mi njo niliifunga na mikono yangu. Difu yenye haikubali kona, ukiipeleka kona, kuko kitu itakatika. Na mipira ya magurudumu? Ilikuwa inaliwa kama muhindi." Bahizire alimgeukia Isimbi. "Mama, sikiliza. Kule magurudumu ya nyuma ilikuwa kazi ya kusukuma tu, ya mbele inakata kona. Kwa motokari yako, yenye inavuta njo ile ile inakata kona. Ukiifunga sana, volani itapigana na we."

"Unasema sana," alisema Semahoro.

"Donc, twende ujaribu."

Gerejini kulikuwa na gari la mteja lililofungwa difu ya sahani. Bahizire alimpigia mwenye gari kwanza kuomba ruhusa, jambo lililonipendeza. Tukaenda kwenye uwanja wa kanisa la jirani, lami ikiwa imelowa. Semahoro alishika usukani, Bahizire pembeni, Isimbi na mimi nyuma.

Barabara ya Linden ina viraka vingi, na kila kiraka kilipeleka usukani upande wake. Semahoro alipokanyaga mafuta, gari liliruka mbele kweli, halikulia tairi hata moja, lakini mikono yake ilikuwa inakwenda kushoto na kulia kama mtu anayemshika mbuzi pembe. Uwanjani alipokata kona kali kwa mwendo wa polepole, chini yetu kulisikika mgongano wa chuma, tak, tak, tak, na gari likataka kwenda mbele badala ya kugeuka.

"Shika volani, muzee!" Bahizire alicheka hadi akashika dirisha. "Inakuvuta kama ng'ombe ya mahari, haitake kutoka kwabo!"

Semahoro hakucheka. Alisimamisha gari na kushuka, akasimama mvuani.

Isimbi akahamia mbele. Yeye alizunguka uwanja mara kadhaa, kwa kasi nisiyoipenda, usukani ukipigana naye na yeye akipigana nao, mikono ya kijana. Alirudi uso ukiwaka.

"Papa, ulisema ukweli!" alisema. "Ya sahani njo yenyewe. Inafunga!"

Nikamtazama Semahoro. Hapo ndipo nilipoona mtego alioingia. Angeweza kunyamaza. Bintiye alikuwa amefurahi, tena amefurahi kwa jibu la baba. Bahizire angeonekana mzee mbishi. Difu ingefungwa, na ubaya wake ungetokea baadaye, siku ya barafu, kwenye kona, wakati ambapo mtu yeyote angeweza kuilaumu barabara. Heshima aliyoingoja miaka yote ilikuwa mkononi. Kilichohitajika ni kufunga mdomo tu.

Bahizire naye aliona. Alimvuta kando, lakini sauti yake haijui kunong'ona.

"Umuambie."

"Kesho."

"Semahoro."

"Nimesema kesho."

Kutoka Columbus hadi Louisville, Semahoro alitazama mashamba dirishani tu. Isimbi alidhani ni huzuni ya kaburi, akazima redio.

Louisville ndipo tulipoanzia Amerika sisi wote. Tulipita mbele ya majengo ya matofali mekundu tuliyopangiwa mwanzoni, ambako Mukandoli alikuwa akianika shuka dirishani hadi meneja akamkataza, na yeye akaendelea. Nikaona uwanja ambapo tulisimama alfajiri kungoja gari la kutupeleka ghala la mizigo, wanaume kumi na kitu wenye vyeo vya zamani: mwalimu, dereva, mchungaji, mfugaji, sote tukiwa na makoti ya msaada yanayofanana. Tulikuwa maskini na tulikuwa tukitembeleana bila kupiga simu kwanza. Leo tuna magari, na simu haipokelewi. Nasema hivyo bila kuomba umaskini urudi.

Makaburini upepo ulikuwa mkali. Isimbi alifuta majani juu ya jiwe la mama yake, akaweka maua, na Semahoro akaomba kwa Kinyamulenge. Baada ya amina, Isimbi alisema kama anavyosema kila mwaka:

"Papa, simulia ya tope."

Akasimulia. Lori, mvua, wanaume wanaokunja suruali, Mukandoli akiruka. Alipofika mahali ambapo kwa kawaida husema lori lilipanda kama tingatinga, alisita.

"Halafu ekseli ikakatika," alisema. "Mama yako alilala pale soko pamoja na jibini yake yote, ikaharibika. Alinikasirikia. Ile siisemake."

Isimbi alimtazama.

"Isimbi, nilikuambia vibaya. Ya sahani siyo yako. Iko ya mutu wa mashindano, mwenye kufungua difu kila mara na kushika volani na mikono mbili. We unatoka kazi umechoka, kuko theluji, barabara iko na mashimo. Ile motokari itakuvuta mbele ya kamio ya mutu. Bahizire alisema ukweli. Weka ya meno."

"Lakini ulisema..."

"Nilikuwa nakumbuka kupanda tu. Kona niliisahau."

"Mbona ulijibu haraka vile?"

Semahoro alitazama jiwe la mkewe.

"Sababu uliniuliza," alisema.

Upepo ulivuma. Nilijitenga hatua chache nikasoma majina ya watu nisiowajua, kwa kuwa kuna mambo ambayo shemasi hana kazi nayo. Nilichosikia baadaye ni sauti ya Isimbi, ya chini, ikirudi kwenye gari kama mtu anayeshika kamba.

"Bon. Ya meno. Lakini nilisoma kwamba iko na ugonjwa. Gurudumu moja ikikanyaga barafu yenyewe kabisa, ile ya meno haikamate kitu."

"Ni kweli. Haiwezi kuzidisha nguvu yenye haiko. Lazima lile gurudumu lenye linakimbia lipate kitu ya kulizuia kidogo, njo meno inakamata."

"Kitu gani?"

"Freni."

Isimbi aliokota jani jingine juu ya jiwe.

"Freni ya mukono, Papa?"

"Siyo freni ya mukono!" alisema Semahoro, na wote wawili wakaanza kucheka, pale makaburini, hadi nikageuka kuwatazama kwa ukali niliotakiwa kuwa nao. "Ya muguu. Ya muguu inakamata mbele pia. Muguu wa kushoto, kidogo tu, kama unakanyaga yai, na wa kuume unapatia mafuta polepole. Kazi ni ile ile ya Lemera. Mukono wangu njo haukujua kama nilihama."

Tuliporudi Linden, Bahizire, ambaye Isimbi alikuwa amempigia simu, alikuwa ameshapata difu ya meno kwa muuzaji wa mjini. Hakuuliza nani aliamua. Alimtazama Semahoro usoni, akampa koti la kazi, na hiyo ilikuwa heshima kubwa kutoka kwa mdomo ule. Kutwa nzima walikuwa chini ya gari. Isimbi alilala chali na spana, Semahoro akishikilia sanduku la gia lisimwangukie, Bahizire akiamrisha. Walipoitoa difu ya zamani, Semahoro aliishika kiganjani, meno madogo yakizunguka kwa kidole, akaitazama kama mtu anayetazama picha ya ndugu ambaye walikosana. Ile mpya ilikuwa nzito, imefungwa pande zote, meno yake yaliyopindwa yakionekana kwa ndani tu.

"Na mipira ya theluji?" Bahizire aliuliza, akigonga tairi kwa mguu. "Hii imekwisha. Difu haiwezi kukamata kwenye mupira hauna meno."

"Tutaona," alisema Isimbi.

Theluji ya ziwa ilifika Buffalo mapema, Jumapili, nasi tulikuwa tumetoka kumsalimu mgonjwa Lackawanna. Isimbi aliendesha, Semahoro pembeni, mimi nyuma. Kwenye lile lile daraja la juu ya reli, gari la mbele yetu lilisimama katikati ya mpando, magurudumu yakizunguka bure. Ndani alikuwemo mzee mmoja Mzungu, peke yake, kofia ya sufu kichwani, uso umepotea.

Isimbi aliegesha nyuma yake, akawasha taa za tahadhari. Kisha akageuka.

"Shukeni," alisema.

"Sisi?" nikauliza. Nilikuwa na viatu vya kanisani.

"Shemasi, mwenye anabaki juu ni muzigo."

Tukashuka. Semahoro na mimi tuliweka mabega nyuma ya gari la yule mzee, theluji ikiingia viatuni, na kabla sijajua Semahoro aliita ule wimbo wa Lemera, nami nikaitikia, sauti mbili tu mahali palipohitaji ishirini. Neno la mwisho likabeba. Gari likasogea, likashika, likapanda hadi juu, na mzee akapiga honi bila kusimama, jambo ambalo kwenye mpando wa theluji ni busara.

Ikabaki zamu yetu. Isimbi alianza kuondoka, na mahali aliposimama palikuwa pamelainishwa na yule mzee kuwa kioo. Gurudumu la kulia likazunguka bure, likapiga kelele ya kusaga barafu. La kushoto likatulia. Semahoro, aliyekuwa kando ya barabara, alifungua mdomo. Nilimwona akifungua. Kisha akaufunga.

Kelele ya gurudumu ikapungua. Taa nyekundu za breki ziliwaka hafifu, zikabaki zimewaka huku injini ikivuta, na gurudumu la kushoto likaanza kugeuka, polepole, kama mtu aliyeamshwa. Gari likatambaa, likatupita sisi mashemasi wawili tuliosimama kwenye theluji hadi kwenye vifundo, likapanda bila kwenda upande hadi juu ya daraja. Hapo lilisimama kutungoja.

Tulipanda kwa miguu. Semahoro alikuwa akitembea kwa hatua za mtu anayeshuka sokoni na mfuko umejaa. Tulipofika, kioo cha dirisha kilishuka.

"Papa," alisema Isimbi, "mipira ya theluji. Kuko ya misumari na kuko isiyo na misumari. We unaonaje?"

Semahoro alikung'uta theluji mabegani. Alitazama barabara tuliyopanda, akatazama ile inayoshuka mbele, na kona iliyo mwishoni mwake.

"Ngoja," alisema. "Ngoja nifikiri kwanza."